Walipomwita Pélagie Kupimwa Picha ya Mwili

Kabla ya ugonjwa, Pélagie M'Cibalonza aliuza vitenge kwa mwili wake mwenyewe. Mteja akisitasita mbele ya duka, hakumbembeleza kwa maneno. Alivuta pisi moja kutoka kwenye rundo, akaizungusha kifuani, akaikaza chini ya kwapa, kisha akatembea kidogo kwenye ujia mwembamba wa soko la Kikuubo kama bibi harusi, huku wabeba mizigo wakimpigia kelele awapishe. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, mwenye kifua kilichojaa. Mwanamke yeyote aliyemtazama aliamini kwamba kitenge kile kitampendeza yeye pia.

Kisha akapata kansa, akakatwa titi la kushoto, akapewa dawa zilizomnyonyoa nywele hadi kope. Madaktari wakamwambia amepona, awe anarudi kuangaliwa. Akarudi dukani, akanunua sanamu ya plastiki isiyo na kichwa, akaisimamisha mlangoni. Tangu siku hiyo sanamu ndiyo iliyovaa vitenge. Mteja aliyetaka kuona jinsi kitambaa kinavyofungwa aliitiwa Maimunah, Mnubi wa Bombo aliyeuza mitandio duka la pili.

Ndani ya sidiria Pélagie alivaa kifuko alichokishona mwenyewe. Mwanzoni alikijaza pamba, lakini pamba ilikuwa nyepesi, ikapanda mpaka karibu na shingo akiwa katikati ya watu. Akaitoa, akatia ulezi. Ulezi ulikuwa na uzito wa kutosha, ila ukilowa jasho ulinuka uchachu, naye alikuwa akijinusa siku nzima. Aliacha kupanda boda boda, maana abiria hubanana na mgongo wa dereva. Akawa anatembea kwa miguu kutoka Katwe anakoishi, akipita Nakivubo asubuhi na jioni, mkoba ameukumbatia kifuani. Kanisani, ambako Wakongo wenzake husalimiana kwa kukumbatiana, alitanguliza bega la kulia.

Nyumbani alioga mlango umefungwa kwa ndani. Mumewe, Ephraïm, alikuwa dereva wa lori la kwenda Mpondwe, mpakani. Juma moja alikuwa safarini, juma jingine nyumbani. Alijua mkewe alikatwa, maana ndiye aliyemsindikiza, lakini hakuwahi kuonyeshwa kovu, wala hakuwahi kuuliza. Kutouliza kwake kulimtia Pélagie hofu kuliko maswali.

Hivyo ndivyo alivyoishi mwaka mzima na zaidi, mpaka Jumatatu moja simu ilipolia akiwa anampimia mteja kitambaa.

"Mama Pélagie? Mimi naitwa Lamwaka, natoka hospitali. Jumatano unakuja saa tatu. Tunapima picha ya mwili kwa wamama waliokatwa titi. Usikose, mama. Haya."

Simu ikakatika.

Sauti ilikuwa ya msichana, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, maneno mafupi yaliyonyooka kama amri. Pélagie alikifahamu Kiswahili hicho. Huko kwao Walungu, kabla hajakimbia, alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani kutoka kwa watu wenye bunduki. Unatoka wapi? Fungua. Toa. Vua. Alijifunza kujibu huku macho yakiwa chini: hapana, hakuna, sijui. Hakuna aliyewahi kumpigia simu kwa Kiswahili hicho akiwa na habari njema.

Akaendelea kukata kitambaa, na mkasi ukaenda upande.

Aliyageuza maneno yale kichwani mwake siku nzima. Kupima. Picha. Mwili. Hospitalini neno picha lilikuwa na maana moja tu: unavua nguo, unalazwa kwenye kitanda cha chuma baridi, mashine inakuzunguka, kisha unasubiri wakuambie imeona nini. Na hospitali haimpigii mtu simu kumjulia hali. Kama wamemtafuta wenyewe, bila yeye kwenda, basi wameona kitu kwenye vipimo vya zamani. Imerudi.

Jioni hiyo alijifungia chumbani, akajipapasa. Alipapasa titi lililobaki, akapapasa makwapa, akapapasa shingo. Kila alipogusa palikuwa na uvimbe. Mbavu zilikuwa uvimbe. Mshipa wa shingo ulikuwa uvimbe. Alibonyeza mpaka ngozi ikauma, kisha maumivu yale nayo yakawa ushahidi. Ephraïm alipopiga simu kutoka Kasese, alimwambia anaumwa kichwa kidogo. Binti yao, Princesse, alikuwa shule ya bweni, na Pélagie akashukuru Mungu kwamba hakuwepo kumwona.

Jumanne hakula. Mchana akamwita Maimunah, akaanza kumwonyesha vitenge vya Kongo viko wapi na vya Ghana viko wapi, na kufuli la mlango linafunguliwaje linapokwama.

"Mama Princesse," Maimunah akamkatiza, "kwani unasafiri?"

"Hospitali imeniita. Imerudi."

"Wamekwambia imerudi?"

"Wamesema wanapima picha ya mwili. Wanawaita wale waliokatwa tu."

Maimunah hakuwa mtu wa kudanganya mwenzake ili amtulize.

"Kama ipo, ipo ukienda na ipo usipoenda," akasema. "Nenda. Nitakufungulia duka."

Usiku ule Pélagie alipanga begi: gauni la kulalia, sabuni, sahani, kikombe, na mashuka mawili. Jumatano asubuhi alitembea polepole mpaka hospitali, begi mkononi. Mara mbili aligeuka kurudi. Mara ya pili alikuwa ameshapiga hatua nyingi kuelekea nyumbani, ila alipofikiria kukaa peke yake chumbani na vidole vyake mwenyewe, akaona heri mashine.

Chumba alichoelekezwa kilikuwa kidogo, kina meza, viti na chupa ya chai. Msichana mrefu aliyevaa miwani akasimama kumpokea kwa heshima. Ndiye Lamwaka. Pélagie hakuketi. Aliweka begi sakafuni, akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake. Aliona ni bora avue mwenyewe kuliko kuambiwa vua.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si munapiga picha?"

"Picha gani, mama?"

"Ya mwili. Uliniambia kwa simu. Mashine iko wapi?"

Lamwaka akatazama blauzi iliyofunguka nusu, akatazama begi, kisha akavua miwani.

"Hakuna mashine," akasema taratibu. "Mama, hakuna mashine. Ugonjwa haujarudi. Hatujaona kitu chochote. Hapa tunauliza maswali tu."

Pélagie akaketi sakafuni kando ya begi lake. Lamwaka akachuchumaa naye palepale. Akamweleza kwamba ni utafiti. Wanawake wengi hupona kansa ya titi, lakini hakuna anayewauliza wanaishi vipi na mwili uliobaki: kama wanajificha, kama wanaona haya, kama bado wanajiona wanawake. Yeye na wenzake walitaka kujua hofu hiyo ni kubwa kiasi gani, ndiyo maana wakaita kupima. Maswali yalikuja kwa Kiingereza, wakayageuza kwa Kiluganda, na sasa walitaka kujua kama kwa Kiswahili yanaeleweka. Jinsi mtu anavyouona mwili wake, wao waliita picha ya mwili.

"Kwetu sisi picha ni picha," Pélagie akasema.

"Ndiyo, mama. Sasa naona."

Pélagie akacheka kidogo, akalia, akanywa chai. Ila utulivu haukudumu, kwa sababu maswali yalianza. Je, kuna mtu unayemficha mwili wako? Je, unaogopa kujitazama? Je, kuna mambo uliyokuwa ukiyafanya ukayaacha kwa sababu ya mwili wako? Lamwaka alijitahidi kulainisha sauti, lakini Kiswahili kilikuwa kilekile cha kambini, maana alizaliwa na kukulia humo, baba yake akiwa mwanajeshi. Pélagie akainamisha macho. Hapana. Hapana kabisa. Hakuna. Kila swali alilijibu hivyo, akijua anadanganya, akishindwa kuacha.

Walipomaliza Lamwaka alitazama saa, kisha mlango.

"Kuna mmoja hajafika," akasema. "Mama Alal. Alitakiwa kutangulia mbele yako. Simu yake imefungwa tangu jana."

"Ulimwambia nini?"

"Maneno yale yale niliyokuambia wewe."

Wakatazamana.

"Wengine wote walikuja," Lamwaka akasema, na sauti yake ikaanza kupungua. "Walikuja na mabegi. Mmoja alikuja na dada yake mchungaji. Nilidhani wametoka safari. Banange! Nilidhani wametoka safari."

Akachukua simu, akapiga namba nyingine aliyokuwa nayo, ya jirani yake Alal kwenye nyumba za polisi za Nsambya, ambako mume wa Alal alifanya kazi. Walizungumza Kiacholi. Pélagie hakuelewa neno, lakini aliona uso wa msichana ukibadilika.

"Ameondoka na mzigo asubuhi hii," Lamwaka akasema. "Amemwambia jirani anarudi Kitgum. Eti hatafia kwenye chumba kimoja cha kambi, watoto wa watu wakichungulia dirishani. Anataka kuzikwa kwao. Sikupaswa hata kukutajia jina lake, mama, lakini nisaidie. Mimi hataniamini, mimi ndiye niliyempigia. Twende wote. Nakuomba."

Ilikuwa mara ya kwanza Pélagie kusikia neno nakuomba kwa Kiswahili kile. Akachukua begi lake.

Mabasi ya kaskazini yalikuwa Kisenyi, na barabara zote za kuelekea huko zilikuwa zimeziba magari. Lamwaka akasimamisha boda boda. Pélagie alitazama mgongo wa dereva, akatazama kiti. Akapanda, na Lamwaka akapanda nyuma yake. Alibanwa mbele na nyuma. Dereva akapenya kati ya magari huku magoti yao yakikwaruza milango, na kila shimo la barabara lilisukuma kile kifuko cha ulezi juu zaidi, kikaenda upande, mpaka kikakaa kwapani. Pélagie alifumba macho. Aliogopa gari, aliogopa kifuko, na zaidi ya yote alimwogopa huyo mwanamke asiyemjua, kwa sababu alijua kabisa amekaa vipi na anawaza nini. Nusura awe yeye.

Kabla hajashuka kwenye boda alikirudisha kifuko mahali pake kwa kiwiko, kama alivyozoea.

Basi la Kitgum lilikuwa limeshawasha injini. Wachuuzi wa maji na mayai walikuwa wameinua bidhaa zao madirishani. Alal alikuwa ameketi katikati ya basi, karibu na dirisha, mama wa miaka hamsini hivi, mrefu, kitambaa kichwani, mikono miwili imetulia mapajani kama mtu aliye kanisani. Lamwaka alimwinamia, akazungumza kwa Kiacholi muda mrefu. Alal hakugeuza shingo.

"Mwambie huyu mtoto ashuke," akamwambia kondakta kwa Kiswahili. "Basi inaondoka."

Pélagie akaketi kiti cha pembeni yake, ambacho abiria wake alikuwa bado nje akinunua mkate.

"Mama, habari. Miye pia waliniita," akasema. "Miye pia nilibeba begi. Tazama, hili hapa. Nilifikiri nakwenda kulazwa. Ni maswali tu, mama. Hakuna picha."

"Wewe wamekutuma."

"Hapana. Walinikata kama wewe."

Alal akageuka kwa mara ya kwanza. Alimtazama Pélagie usoni, akashusha macho taratibu mpaka kifuani, akayaacha hapo.

"Mimi naona matiti mawili," akasema. "Wewe ni mzima. Usinichezee, mama. Nimekwisha choka."

Mwaka mzima Pélagie alikuwa akijitahidi watu waone matiti mawili, na sasa mtu wa kwanza ambaye alitaka aone vingine alikuwa ameona hayo hayo. Alitazama mbele, akatazama nyuma. Basi lilikuwa limejaa. Angeweza kushuka. Hakuna angemlaumu, si ndugu yake, si wa kabila lake, na duka lilikuwa hatua chache kutoka hapo.

"Sista," akamwambia Lamwaka, "fungua begi. Toa shuka."

Lamwaka akaelewa. Alitoa shuka moja, akalitanda kati ya viti na ujia, akalishika kwa mikono miwili juu, akiwageuzia abiria mgongo. Mzee mmoja aliuliza kuna nini, kondakta akafoka, Lamwaka akawajibu wote kwa sauti ya baba yake: "Kaa chini! Mama anabadilisha nguo."

Nyuma ya shuka Pélagie akaingiza mkono kwenye sidiria, akatoa kifuko, akakiweka kiganjani mwa Alal. Alal akakifinya, akasikia punje. Kisha Pélagie akafungua vifungo. Alikuwa hajapaonyesha mtu asiye daktari. Yeye mwenyewe hakuwa amepatazama vizuri, alipaosha tu, akitazama ukuta. Akageuza uso dirishani, akangoja.

Pélagie akasikia vidole viwili vya Alal, vikavu na vya moto, vikipita juu ya kovu kutoka upande wa mfupa wa kifua mpaka kwapani. Hakuvikwepa. Mwili wake wote ulikakamaa, lakini hakuvikwepa.

"Yako imenyooka," Alal akasema. "Yangu imekunjamana kama mdomo wa kikongwe."

Halafu akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akasogea karibu kabisa na sikio la Pélagie.

"Lakini mimi nina kitu kingine. Leta mkono."

Akauchukua mkono wa Pélagie, akauingiza chini ya gauni, akaupeleka kwenye kwapa lake. Palikuwa na uvimbe. Huu haukuwa ubavu wala mshipa. Ulikuwa mgumu, wa ukubwa wa harage, na haukusogea ulipobonyezwa.

"Tangu Pasaka," Alal akanong'ona. "Sikumwambia mtu. Simu ilipolia, nikasema basi, wameuona kutoka huko waliko."

Pélagie alitamani kuutoa mkono ule, kuufuta, kukimbia. Alikuja kumwambia mwenzake kwamba hakuna la kuogopa, na kumbe lilikuwepo. Aliuacha mkono pale pale.

"Hiki lazima wakione," akasema. "Leo."

"Na kama ndiyo?"

"Sijui, mama. Miye pia naogopa. Lakini nitakaa nawe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watufukuze."

Wakashuka. Basi liliondoka na magunia mawili ya Alal, kondakta akipiga kelele kwamba mzigo wa mama umebaki ndani, na Alal akamwambia awasalimie Kitgum. Shemeji yake aliyapokea magunia kesho yake.

Hospitalini walikata kipande cha ule uvimbe, wakasema wasubiri. Majibu yalichukua majuma kadhaa, na katika majuma hayo Alal alimpigia Pélagie simu kila asubuhi, bila jambo la kusema. Walisikilizana wakipumua, mmoja akiwa Nsambya na mwingine Kikuubo, kisha wakaagana. Majibu yalipotoka, Pélagie alikuwa amekaa kando yake. Kansa ilikuwa imerudi. Daktari alisema imeshikwa ingali ndogo, na kwamba dawa zipo, ila hakuahidi zaidi ya hapo. Pélagie alitoka nje, akaegemea ukuta, akatapika. Kisha akanawa uso, akarudi ndani.

Lamwaka na wenzake waliacha kutumia neno picha. Aliwapigia simu wanawake wote aliokuwa amewaita, mmoja mmoja, akawaomba radhi, na maswali yakawa yanauliza tu: unajionaje? Akamwomba Pélagie ayajibu upya, kama yuko tayari. Safari hii Pélagie alimtazama machoni.

"Je, kuna mtu unayemficha mwili wako?"

"Ndiyo. Bwana yangu. Mutoto wangu. Na miye mwenyewe."

Akasema ameacha boda boda, ameacha kukumbatiwa, ameacha kufunga vitenge. Akasema kila mwezi anajipapasa mpaka anajiumiza. Lamwaka alipojumlisha alama za majibu, Pélagie akamuuliza kama amefaulu. Lamwaka akamwambia kadiri jumla inavyokuwa kubwa ndivyo hofu ilivyo kubwa, na yake ilikuwa kubwa sana. Pélagie akaitika. Alishangaa kwamba kuisikia ikitajwa hakukumwongezea hofu, ila hakukumpunguzia pia.

Mchana mmoja Ephraïm alipokuwa nyumbani, Pélagie alifungua dirisha, akamwita, akamwonyesha kovu. Ephraïm alitazama. Machozi yakamtoka, akaenda nje kuosha lori ambalo lilikuwa safi. Aliporudi alikula, akalala, na asubuhi akauliza kama bado panauma. Pélagie akasema wakati wa baridi. Hawajazungumza zaidi. Yale machozi yalikuwa ya nini, hajui bado, na kuuliza anaogopa.

Alal yu hai. Nywele zimeanguka, mdomo una vidonda, na amekuwa mkali. Huwagombeza wauguzi kwa lugha tatu. Pélagie humsindikiza kila anapokwenda kutundikiwa dawa. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Pélagie mwenyewe kurudi kuangaliwa, na safari hii kulikuwa na mashine kweli. Alimwambia Alal asije, mvua ilikuwa ikinyesha na mwili wake hauna nguvu. Alipofika akamkuta ameshawahi benchi la mbele, amejifunga sweta, amemwekea nafasi. Walikaa wakisikiliza majina yakiitwa. Muuguzi aliposoma jina lake, Pélagie alishindwa kuinuka, Alal akamshika kiwiko, na wakasimama wote wawili.